Dakika Kumi Ambazo Diski Haikuandika

Tarehe 9 Machi

Kwako mdogo wangu Nati,

Naanza na salamu, maana hata nikiwa na hasira sijasahau kuwa tumenyonya ziwa moja. Sisi ni wazima. Mama naye mzima isipokuwa magoti, na mdomo wake hauna ugonjwa wowote: jana amemfokea fundi bomba kwa sababu alikanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki. Mpwa wako amefaulu hesabu na sasa anatangaza nyumba nzima kuwa atasomea kompyuta kama mjomba wake. Nimemwambia tutazungumza. Wifi yangu anaendeleaje na ule mzigo? Mwambie aache kubeba ndoo, na kama hasikii bebe wewe.

Sasa sikia. Nimesimamishwa kazi.

Mwezi uliopita, tarehe kumi na nne, alilazwa kwenye wodi yangu fundi cherehani mmoja mwenye kidonda cha mguu. Tulimweka kitanda cha tisa. Homa ilikuwa haijampanda bado, akawa anaongea vizuri tu, akaniambia kuna dawa moja ya sindano aliwahi kuchomwa, koo likavimba, nusura afe. Akanitajia jina la dawa herufi kwa herufi, maana mkewe aliliandika kwenye kijikaratasi. Ilikuwa imepita kidogo saa nne na nusu asubuhi. Nikaenda kwenye kompyuta ya wodi, nikafungua faili lake, nikaandika kwa herufi kubwa kuwa asipewe dawa hiyo. Nikabonyeza. Ikatoka ile alama ya kijani na lile neno lake, Imehifadhiwa. Nililiona kwa macho haya mawili.

Muda uleule nikaitwa chumba cha upasuaji kushika nafasi ya mwenzetu aliyekuwa anaumwa, nikashinda huko mpaka jioni. Umeme ulikatika kidogo asubuhi ile, jenereta ikawaka, watu wakaendelea na kazi. Kesho yake homa ya yule fundi ikapanda mpaka akawa hajitambui. Daktari wa zamu akafungua faili, hakukuta onyo lolote, akaandika sindano ileile. Hakufika saa sita mchana.

Zamani tulikuwa tunaning'iniza kadi yenye wino mwekundu miguuni mwa kitanda. Mkurugenzi alizikusanya zote tulipoletewa kompyuta, akazitupa jalalani, akasema ni kazi mara mbili. Sasa faili la kitanda cha tisa ni jeupe, kadi hakuna, na muuguzi mwenye dhamana ni mimi. Wanasema sikuandika.

Swali langu ni moja. Wewe ndiye uliyeifunga seva ya hospitali hii kabla kampuni yako haijakuhamishia huko mwisho wa dunia. Je, mashine inaweza kusema imehifadhi kitu na kumbe haijakihifadhi? Baraza la wauguzi litakaa mwezi wa sita. Wakiamua kuwa sikuandika, leseni yangu inakwenda, miaka kumi na tisa inakwenda, na kila nikipita sokoni nitakuwa yule aliyemuua fundi cherehani kwa uvivu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ina ugonjwa wa ajabu. Ukiwa unauliza habari za Mama unasikika kama uko chumba cha pili. Nikitaja seva, mtandao unakatika. Barua haina mtandao wa kukatika.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 2 Aprili

Dada mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Huku nilipo barua inangoja gari la vifaa, na gari la vifaa linangoja dereva apone. Nafunga seva kwenye hospitali ya tisa sasa. Wamenipa chumba chenye kitanda kimoja, feni moja, na dirisha linaloangalia tangi la maji la jirani, ambalo linavuja toka nimefika na hakuna anayelijali. Wifi yako bado anatapika kila asubuhi na mimba ina miezi minane, lakini daktari anasema hutokea. Amenituma nimuulize Mama kama na yeye alikuwa hivyo kwangu. Mpwa wangu mpe hongera, na umwambie hesabu kwanza, kompyuta baadaye.

Pole sana kwa yaliyokupata. Nimesoma barua yako mara tatu. Nataka uamini kwamba nakuwaza.

Kuhusu swali lako, ni swali lenye mambo mengi. Inawezekana ulifungua faili la mgonjwa mwingine bila kujua, majina yanafanana. Inawezekana mtu mwingine alilifungua baada yako akafuta bila kukusudia. Sisi mafundi tuna utani wetu, tunasema mashine nyingi zinazoletwa kwetu zinaumwa ugonjwa wa mtumiaji. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Nasema tu ulikuwa umechoka, na uliitwa ghafla. Labda mbele ya baraza ingefaa kusema hivyo, kwamba ulikuwa na kazi za watu wawili. Watakuhurumia.

Tafuta mtu mzuri wa kukusemea. Nitakutafutia hata mimi.

Mdogo wako,
Nati


Tarehe 11 Aprili

Nati,

Mama anasema ndiyo, kwako alitapika mpaka mwisho, na kwangu hata siku moja. Ameongeza maneno mengine ambayo nimeyaacha. Ananiomba kila mara nimsomee barua zako, na mimi namsomea salamu tu halafu nasema karatasi imeisha.

Utani wako wa ugonjwa wa mtumiaji nimeusoma nikiwa nakula, nikasukuma sahani. Kinyaa kilinishika, Nati, kinyaa kabisa, kama mtu aliyekuta unywele mdomoni. Mtu amekufa, mimi dada yako nimesimamishwa, nawe unanifundisha kuomba huruma kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilikubadilisha nepi mimi. Usinifanyie adabu za ofisini.

Sasa nikwambie nilichokiona. Kamati ya uchunguzi iliniita Jumatatu. Chumba kile cha mikutano chenye zulia linalonuka maziwa yaliyochacha. Mkurugenzi amekaa katikati, nyuma yake imetundikwa ile ngao aliyopewa mwaka jana kwa kuwa na hospitali yenye kompyuta nyepesi na za haraka kuliko zote, na bado ameiacha kwenye nailoni yake isipate vumbi. Yule kijana wa kompyuta aliyebaki baada yako akaleta karatasi zenye orodha ya kila kilichoandikwa siku ile kwenye wodi zote. Wakaniwekea kidole: unaona, hakuna jina lako.

Nikaomba nizisome mwenyewe. Wakadhani nazuga. Nikasoma taratibu, mstari kwa mstari, na nikakuta kitu. Kati ya saa nne na nusu na saa nne na dakika arobaini hakuna hata herufi moja kutoka wodi yoyote. Si yangu tu. Wodi sita, maabara, famasi, mapokezi, wote kimya dakika kumi. Na umeme ulikatika saa nne na dakika arobaini kamili, kitabu cha jenereta kinasema hivyo.

Nikawauliza, hospitali nzima ilikuwa wapi? Mkurugenzi akasema labda watu walikuwa wanakunywa chai.

Nilitaka kutema mate kwenye zulia lao. Mpaka mtu wa maabara aliyeshika chupa za damu alikuwa anakunywa chai, mpaka mapokezi wenye foleni hadi getini. Baadaye nikawauliza wauguzi wenzangu pembeni. Wote wanakumbuka. Umeme uliporudi walikuta uzito na joto la wagonjwa havipo, wakacheka, wakaandika upya walichokumbuka. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji, sikujua kuna cha kuandika upya. Na hakuna hata mmoja atakayekuja kusema hayo mbele ya mkurugenzi, wana watoto.

Basi sikuulizi tena kama mashine inaweza. Naona inaweza. Nakuuliza ilikuwaje.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada,

Wifi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, tarehe thelathini Aprili. Tumempa jina la Mama. Ana sauti yake pia, Mungu atusaidie. Hayo msomee Mama mpaka mwisho.

Najua barua hii imechelewa na safari hii si gari. Nilianza kuandika mara nyingi, nikawa nachana.

Inaweza, Dada. Nitakueleza kama ninavyomweleza mtu asiye fundi.

Unapobonyeza hifadhi, maneno yako hayaendi kwenye diski moja kwa moja. Yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo ni nyepesi sana, lakini umeme ukikatika yote yaliyomo yanapotea. Diski ndiyo inayoshika hata bila umeme, ila ni nzito. Mfumo wa mafaili ndio unaohamisha kutoka huku kwenda kule. Ukifungwa kama inavyotakiwa, huandika kwanza pembeni kitu unachokusudia kukifanya, kisha hukifanya, kisha husubiri diski ijibu kuwa imeshika kweli. Hapo ndipo inatoka alama ya kijani. Kusubiri huko ndiko kunakofanya mashine ionekane imelala.

Sasa unaweza kuuambia mfumo usisubiri. Unauambia, ukipokea tu kwenye kumbukumbu ya muda, jibu kuwa imehifadhiwa, na diski utaiandikia baadaye kwa mkupuo. Ni kama karani wa mapokezi anayegonga muhuri wa kupokelewa halafu anaweka barua yako mapajani mpaka zifike mia ndipo anyanyuke kwenda kabatini. Foleni inakwenda mbio. Nyumba ikiungua kabla hajanyanyuka, una muhuri lakini huna barua.

Seva ya kwenu ilikuwa inaandika diski kila baada ya dakika kumi.

Ukiwa na betri nzuri ya akiba si jambo la hatari sana, maana umeme ukikatika betri inaipa mashine nafasi ya kumwaga yote kwenye diski kabla ya kuzima. Betri ya kwenu ilikuwa imekufa. Niliandika maombi ya nyingine kabla sijaondoka. Yalikaa mezani kwa mkurugenzi, na nadhani bado yamekaa.

Kwa hiyo ndiyo, uliandika. Nasema mimi. Lakini nakuomba usinitaje kwenye baraza. Nina mtoto wa wiki tatu. Kuna mtu alinibana niifanye mashine iwe nyepesi, na haikuandikwa popote, na sitaki kumtaja. Waambie wamlete fundi wa nje aikague, ataona mwenyewe.

Nisamehe,
Nati


Tarehe 27 Mei

Nati,

Mama amelia kwa furaha, halafu akauliza kwa nini hukupiga simu siku hiyohiyo. Nikamwambia mtandao. Mpwa wako amemshonea binamu yake kofia, mshono mmoja juu, mmoja chini, tutaituma hivyohivyo. Kumbeba mtoto huyo natamani kuliko kitu chochote mwaka huu.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikwenda kunawa mikono. Sijui kwa nini, niliona tu nanawa.

Ulijua. Mwezi wa tatu ulikuwa unajua, na mwezi wa nne unaniandikia habari za majina yanayofanana. Nimekaa nyumbani siku zote hizi nikijikagua kama mwehu, nikifumba macho nione tena ile alama ya kijani, mpaka nikaanza kuamini kuwa niliiota. Nilikuwa nakwenda kwenye jiko la gesi kuangalia kama nimelizima, narudi, nakwenda tena. Wewe ulikuwa na dawa ya wazimu huo mfukoni, ukaishika.

Fundi wa nje hawamleti. Nimeomba, wamekataa, wanasema seva ina siri za wagonjwa. Kumbe siri hizo haziwashughulishi hata zikipotea kwa dakika kumi.

Na huyo unayemficha namjua. Anakaa chini ya ngao yenye nailoni. Alitaka sifa, akakubana, ukakubali kwa sababu ndiye anayeweka saini. Sasa unamlinda kuliko dada yako. Mtu anayenichefua kuliko wote katika jambo hili nilidhani ni yeye. Si yeye.

Tena wewe uko hospitali ya ngapi sasa? Ya tisa ilikuwa mwezi wa nne. Hizo nyingine umezifungaje? Zina betri? Usinijibu kwa salamu. Nijibu hilo kwanza, salamu ziweke mwisho kama karatasi itabaki.

Baraza linakaa tarehe ishirini na nne mwezi ujao. Andika ulichofanya, andika aliyekubana, utie saini.


Tarehe 8 Juni

Dada,

Naanza na ulichouliza. Zilikuwa kumi na moja, na zote nilizifunga vilevile. Tatu zina betri ya uhakika. Nane hazina.

Haikuwa amri yangu ila ilitoka kwangu. Mkurugenzi wenu aliposifia kasi, kampuni ikauliza nilifanya nini, nikawaonyesha. Walifurahi. Wakanipa ukuu wa mafundi na kunihamisha ili nikafanye hivyo kila mahali. Mwezi wa pili walifanya mkutano na wakurugenzi wa hospitali, kwenye ukumbi wenye viti vya velveti. Mtu wetu wa mauzo akasimama mbele na kompyuta mbili, ya kampuni nyingine na yetu. Akabonyeza hifadhi kwenye zote mbili. Yetu ikatoa kijani hajaondoa kidole, ile nyingine ikabaki inafikiri. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na meza ya vitafunio na nilijua kuwa ile ya wenzetu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi, yetu ilikuwa inadanganya.  Nikapewa mkono. Wiki mbili baadaye ikaja barua yako.

Nimeanza kuzirudisha. Toka Jumatatu iliyopita naingia kwenye seva moja moja na kuuambia mfumo usubiri diski. Nilianza na yenu. Nimefika ya saba. Leo wamegundua kwa sababu simu za malalamiko zimejaa, kila hospitali inasema mashine imekuwa nzito. Wamenifungia njia ya kuingia na kuninyang'anya funguo za stoo. Kesho naitwa. Ya nane ina mtu mmoja ninayemwamini, nimemwelekeza kwa simu. Zilizobaki sijui.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni kwamba palikuwa na njia ya katikati. Uzito na joto vingeenda haraka, maana hivyo mtu anapima tena. Maonyo ya dawa na vipimo vya damu vingesubiri diski. Ingenichukua siku mbili kutenganisha. Nilitumia dakika nne.

Sasa aliyenibana.

Dada, si mkurugenzi. Mkurugenzi hata hajui diski ni nini. Alikuta mashine imekuwa nyepesi, akachukua ngao.

Ilikuwa Jumapili, mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimelala kwenye kochi lako, tumetoka kula. Ulikuwa umetoka zamu, viatu bado mguuni, ukaniambia kwamba kaduara kale kanakozunguka kila ukibonyeza katakuua kabla ya wagonjwa, kwamba una vitanda ishirini na nane na kila kimoja kinataka ubonyeze mara kumi, na kwamba mimi nimefunga mashine ya wazembe. Nikakwambia inasubiri ili iwe salama. Ukasema, "Salama ya nini? Fanya kitu, Nati. Mimi ni dada yako au mteja?" Mama akacheka. Nikaingia kwenye seva kutoka kwenye kochi lako. Nikakwambia imekwisha, ukaniongezea chai.

Sikuandika kwenye daftari la matengenezo kwa sababu ilikuwa fadhila ya nyumbani.

Kosa ni langu. Wewe si fundi, uliomba tu, mimi ndiye niliyejua kitu ninachokizima. Ndiyo maana nilikaa kimya, sehemu moja kwa ajili ya kazi yangu, sitakudanganya tena, na sehemu nyingine kwa sababu nilidhani umesahau na sikutaka ukumbuke.

Ndani ya bahasha kuna maelezo yangu yenye saini na muhuri wa wakili. Nimeandika kuwa nilizima kinga hiyo kwa uamuzi wangu mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Yatakutosha. Jina lako halimo.

Karatasi imebaki kidogo. Mtoto anacheka sasa, akiota.

Nati


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Kofia ya mtoto imeondoka na barua hii. Mama anakusalimu, anauliza mbona umeacha kazi, nimemwambia kazi ndiyo iliyokuacha. Amesema urudi nyumbani mle wote sufuria moja. Safari hii nilimsomea barua yako yote, mpaka ile ya kochi.  Akasema anakumbuka alicheka.

Nami nakumbuka. Sikusahau hata siku moja, Nati. Kabla sijakuandikia barua ya kwanza nilikuwa nakumbuka viatu vilivyokuwa mguuni. Nilikuuliza maswali ya mtu asiyejua ili wewe useme ni mkurugenzi, na wewe ukisema, na mimi niamini. Nilikuandikia nimechefukwa na wewe, nikanawa mikono, na hayo yote yalikuwa kweli, ila uchafu niliokuwa nausikia ulikuwa kwangu. Huo haukutoka kwa sabuni.

Tarehe ishirini na nne nilikwenda. Chumba kilikuwa kidogo, watu watano wa baraza, mkurugenzi na mwanasheria wake, na kwenye benchi la ukutani mke wa marehemu. Sikujua kama ataletwa. Ni mwanamke mfupi, amevaa gauni lililoshonwa vizuri sana, kila mshono umenyooka, nikajua ni nani aliyelishona.

Mwenyekiti akasoma maelezo yako kwa sauti. Waliuliza maswali machache. Yule kijana wa kompyuta aliitwa, akakiri kwamba dakika kumi zile hazipo kwa hospitali nzima na kwamba tangu mwezi wa sita mashine imerudi kuwa nzito. Mkurugenzi alianza kueleza mambo ya betri, mwenyekiti akamwambia akae. Nikaona nyuso zinalegea. Mama mmoja wa baraza alinitabasamia. Mwenyekiti akafunika faili, akasema kwamba kwa ushahidi uliopo muuguzi alitimiza wajibu wake, na kama hakuna mwenye neno angependa kumaliza.

Mke wa marehemu akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akauliza kitu kimoja. Amesikia kwamba fundi alizima kinga ili mashine iwe na haraka. Je, haraka hiyo alikuwa anaitaka nani?

Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba ni mambo ya kitaalamu, na kwamba fundi mwenyewe ameandika hakuombwa na mtu. Yule mjane akasema sawa, akashusha mkono. Mambo yalikuwa yamekwisha, Nati. Leseni yangu ilikuwa juu ya meza, ningenyoosha mkono tu. Nilimwona anafunga mkoba wake, anatafuta nauli kwa vidole, ameridhika na jibu la uongo kwa sababu ni watu wenye tai waliompa.

Nikasimama nikasema, "Mimi ndiye niliyeitaka."

Nikaeleza yote. Kochi, chai, Jumapili. Mwanasheria wa mkurugenzi alikuwa anaandika mpaka kalamu inakwaruza, na yule mama wa baraza aliacha kutabasamu. Wameichukua leseni kwa miaka miwili, kwa kufanya mashine ya hospitali iguswe bila ruhusa, baada ya hapo nitaomba upya. Maelezo yako wameyapeleka kwenye wizara pamoja na orodha uliyoiambatisha ya hospitali zilizobaki, kwa hiyo hizo usiziwaze peke yako. Mkurugenzi amepewa onyo. Ngao sijui.

Lakini hilo silo ninalotaka ulijue. Nilipomaliza kusema, mke wa marehemu hakunitukana.  Akauliza kile kitu kilikuwa kinazunguka kwa muda gani, kabla mdogo wangu hajakifanya kiwe chepesi. Nikamwambia sekunde nane.

Akazihesabu. Pale pale, kwa sauti ndogo, macho yake kwangu, moja mpaka nane. Hakuna aliyemkatiza. Alipofika nane akachukua mkoba wake, akatoka.

Ni mimi dada yako.